Hawajulikani na Nani

Kitabu kile kinanuka mavi ya popo. Nasema wazi kwa sababu ndivyo kilivyo. Mjukuu wangu Devota alikifungua juu ya meza ya ofisi ya parokia, akaanza kupitisha kidole polepole kwenye majina, na harufu ikanipanda mpaka machoni. Karatasi kuukuu, vumbi, popo, na kitu kingine kama mafuta ya taa. Nikashika ukingo wa meza. Harufu ile nilishainusa zamani, mle mle chumbani, nimejificha nyuma ya kanga ya bibi yangu, kichwa changu hakijafika hata usawa wa meza.

"Bibi, uko sawa? Kaa basi."

"Sikai. Soma."

Kitabu kimeandikwa na mapadre wa zamani kwa lugha yao, lakini katibu wa parokia alishatufasiria mstari wetu. Devota akausoma kwa Kiswahili kutoka kwenye simu alikokuwa ameuandika: "Monika. Umri kama miaka sita. Amekombolewa. Wazazi hawajulikani."

Hayo tu. Maisha ya mtu mzima aliyezaa, akalima, akazika, mstari mmoja. Devota alifikiri nitalia, akatoa kitambaa mkobani. Sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika haya.

Niwaeleze kilichotupeleka pale. Ukoo wetu unachapisha kitabu. Siku hizi kila ukoo una kitabu, una fulana, una kundi la kwenye simu lisilolala. Mwenyekiti ni Sebastiani, mtoto wa baba yangu mdogo. Bibi Monika ni mama wa baba yake na mama wa baba yangu. Mimi na Sebastiani tulilelewa mkeka mmoja. Basi Sebastiani akatuma kwenye simu ya Devota kurasa alizokwisha kuandaa ili wazee tuzipitie, na nikasomewa hivi: Bibi yetu Monika alikuwa binti wa mtemi, akaolewa kwa heshima zote na mahari kamili.

Nikampigia hapo hapo.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba. Mtemi gani?"

"Dada nawe! Hata habari za nyumbani hujauliza."

"Habari za nyumbani nitauliza baadaye. Mtemi gani?"

"Wa kule."

"Kule wapi, Sebastiani?"

"Watemi walikuwa wengi, Dada. Nani atahesabu?"

Nikakata simu. Kesho yake nikamwambia Devota anipeleke Tabora nikakione kitabu cha ubatizo kwa macho yangu, ingawa nilijua kilichomo. Nilijua tangu nikiwa mtoto.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi miji yetu ilivyokuwa. Kwetu ni Usoke, upande wa reli. Nyumba za ukoo zilizunguka uwanja mmoja, na upande wa chini ilikuwa mbuga, udongo mweusi unaoshika maji, mpunga wake unanukia kabla haujapikwa. Mbuga ile ndiyo ilikuwa mali. Babu yangu na kaka yake mkubwa, Babu Mihayo, walikuwa wameigawana, babu juu, Mihayo chini.

Bibi yangu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mkali wa maneno. Aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, umefagia au umepapasa?" Alipenda ugoro na alipenda matobolwa, viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, ambavyo alivitafuna upande mmoja wa kinywa kwa sababu upande mwingine hakuwa na meno. Watu wote pale walifunga mbuzi shingoni. Mbuzi wa bibi walifungwa mguu. Mtu akimfunga mbuzi wa bibi shingoni, hata kwa dakika moja, bibi alikuja na panga akaikata ile kamba, kamba nzima nzuri, na hakusema neno. Mimi niliona ni mbuzi wenye cheo.

Tulikuwa Wakatoliki, Jumapili hatukukosa misa. Lakini kila mwaka kabla ya kupanda, tulikusanyika kwa Babu Mihayo kwa tambiko, na padre kama alijua, alinyamaza. Unga wa mtama ulikorogwa kwenye maji ndani ya kibuyu. Kila mtu mzima alipiga funda, akapuliza mawio, akapuliza machweo, akaita watu wake waliotangulia. Wanawake walioolewa pale nao waliita wa kwao, kwa sababu mtoto akiugua huenda anatafutwa na upande wa mama, na upande wa mama ukisahauliwa hukasirika. Mke wa Babu Mihayo aliita mpaka tukachoka kusimama. Alikuwa na watu wengi, mabibi, wajomba, na alipenda tujue.

Bibi yangu alikuja wa mwisho. Alipuliza, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayegawa chakula:

"Wa Urambo, kunyweni. Wa Usinge, kunyweni. Wa Malagarasi, kunyweni."

Hapo akapiga funda la pili, la peke yake. Kisha akaendelea:

"Wa Uvinza, kunyweni. Wa Ujiji, kunyweni. Wa ng'ambo ya ziwa, kunyweni."

Mimi niliyajua mengi ya majina hayo. Baba alikuwa kibarua wa reli kwa muda, na jioni alitutajia stesheni za kwenda Kigoma kama wimbo. Basi akili yangu ya kitoto ikapiga hesabu yake. Wengine waliita mababu. Bibi naye ameita mababu. Kwa hiyo Malagarasi ni babu yake, Uvinza ni babu yake, na Wazungu walipojenga reli walizipa stesheni majina ya wazee wa bibi yangu, kwa sababu walikuwa watu wakubwa. Nilifurahi mno. Nilitembea kifua mbele.

Nikaenda na habari hiyo kisimani.

"Stesheni zote kuanzia hapa mpaka Ujiji ni za watu wa bibi yangu," niliwaambia wasichana. "Wamezipa majina yao."

"Mwongo!"

"Muulizeni. Malagarasi anampa maji mara mbili, ndiye babu mkubwa."

Msichana mmoja akaweka ndoo chini kwa kucheka. "Basi mwambie Babu Malagarasi atupe tiketi za bure, twende Kigoma tukale dagaa!"

"Na Babu Usinge atuletee behewa!"

Nao wakacheka mpaka maji yakamwagika. Lakini mkubwa wao, mjukuu wa Babu Mihayo kwa binti yake, hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeangalia jipu la mwenzake. "Bibi yako hana kwao," akasema. "Mama amesema. Ndiyo maana anaita majina ya njiani."

Sikuelewa. Nilimwona mjinga. Kwao bibi ni pale nyumbani, kitanda chake kile pale, mbuzi wake wale pale. Nilimpiga kofi, akanipiga ngumi, tukarudi nyumbani tukiwa tumelowa.

Mwaka uliofuata babu yangu akafa. Baada ya matanga tukakaa kwa tambiko la kumweka sawa, na zamu ya bibi ilipofika, akapiga funda, akapuliza, akaanza, "Wa Urambo..." Babu Mihayo akainua fimbo.

"Nyamaza, Monika. Leo tunaita watu. Wewe huna watu."

Kisha akasema yale aliyokuwa ameyaandaa. Kwamba mdogo wake alimchukua mwanamke huyu misioni bila mahari, kwa kuwa hakukuwa na baba wa kupokea. Kwamba kwa mila yetu, mwanamke asiyelipiwa mahari watoto wake ni wa kwao mama, si wa ukoo wa mume. "Sasa mume amekufa. Watoto hawa waende kwao mama yao. Mbuga ni ya ukoo." Akageuka kwa bibi, na akatabasamu, nalikumbuka tabasamu lile kuliko fimbo. "Kama kwenu kupo, tuonyeshe. Jina la baba yako tu. Jina moja."

Baba yangu na baba mdogo walikuwa wanaume wazima wenye watoto. Waliangalia chini. Nimewasamehe mengi wazee wangu wale, hilo sijawasamehe. Sebastiani alikuwa amesimama karibu nami, ananyonya kidole. Alisikia kila neno.

Bibi alimeza yale maji ya unga yaliyokuwa kinywani. Akasema, "Misioni wana kitabu. Nitaleta jina."

Tulikwenda kwa treni, mimi na yeye, nimebeba kifurushi cha matobolwa. Alinichukua mimi kwa sababu baba alisema ana kazi. Njia nzima mpaka Tabora nilikuwa na furaha. Nilijua tunachokwenda kuleta. Padre atafungua kitabu, atasoma Babu Malagarasi, Babu Uvinza, na Babu Mihayo atapiga magoti.

Kwenye chumba cha popo, padre mzee alivaa miwani. Alikuwa mpole, simsingizii. Karani wake, mtu wetu, alikaa pembeni anachonga penseli. Padre akatafuta sana, kisha akasoma kama alivyosoma Devota: Monika, umri kama miaka sita, amekombolewa, wazazi hawajulikani.

"Hawajulikani na nani?" bibi akauliza.

Padre hakuelewa swali. "Na... haijaandikwa, mama. Hawakujulikana."

"Mimi nawajua. Nilikuwa nao. Andika."

"Majina yao, mama?"

Bibi akafungua kinywa. Akasubiri.

"Mama," akasema. "Na Baba."

Karani akacheka. Si kicheko kikubwa, cha puani tu, kisha akapuliza unga wa penseli yake. Padre akamkazia macho, lakini kicheko kilishatoka. Padre akasema kwa upole kwamba kitabu hakiandikwi tena baada ya kufungwa, na kwamba sisi sote tuna Baba mmoja mbinguni. Bibi akamwambia, "Mihayo hamtaki huyo. Anataka wa hapa chini." Akanishika mkono, tukatoka.

Stesheni tulikaa chini tukisubiri treni ya kurudi. Alitafuna tobolwa moja muda mrefu sana. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa nini hakumwambia padre jina la Babu Malagarasi.

Alinigeukia kama vile ndiyo kwanza ananiona. Nikamweleza yote, stesheni, mababu, kisima, tiketi za bure. Nilidhani atanichapa. Hakunichapa.

"Mke mwenzangu," akasema, "Malagarasi ni mto. Tulivushwa kwa mitumbwi. Mama alikuwa anaumwa miguu, imevimba, hawezi kwenda. Wenye msafara wakamfungua kamba ya shingoni, wakamwacha ng'ambo ile ya mto, na mimi wakaniweka mtumbwini. Alikuwa anakaa tu chini. Nilimwita mpaka sauti ikakatika." Akatema mate ya ugoro pembeni. "Kila tulipolala walibaki watu. Nawaita kwa mahali kwa sababu majina siyajui. Wa Urambo, mwanamke mmoja aliyekuwa ananipa maji. Sijui aliitwaje."

"Na mama yako aliitwaje?"

"Wewe mama yako unamwitaje?"

"Mama."

"Basi na mimi." Akatazama reli. "Mtoto wa miaka sita anamwita mama yake Mama. Kama wangeniacha naye miaka miwili tu zaidi, ningesikia watu wengine wanavyomwita, ningeshika. Hawakuniacha."

Kwa hiyo hakuleta jina. Mihayo alichukua mbuga, na mpunga wa mwaka ule, ambao bibi alikuwa ameupalilia, ulivunwa na mkewe. Sisi tulihamia ng'ambo ya reli, kwenye kichanga kisichoshika maji, tukalima mihogo na karanga, baadaye tumbaku. Bibi hakuitwa tena kwenye tambiko. Alifanya lake peke yake, kwa kikombe cha bati, nyuma ya nyumba. Alikufa nikiwa mwari, akazikwa kichangani.

Nimeishi na hilo, nimezeeka nalo, na watoto wa Mihayo na sisi tulishapatana, tunaoleana, tunazikana. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na Sebastiani, kwa sababu yeye alikula ile mihogo. Na ugomvi wangu ni na ukurasa wa pili wa kitabu chake, unaosema baba wa Mihayo na babu yangu alikuwa mpagazi hodari, aliyetembea mpaka pwani na pembe za ndovu begani na kurudi, fahari ya ukoo. Ni kweli alikuwa mpagazi. Sijui kama aliwahi kuwa kwenye msafara uliomleta bibi, siwezi kumsingizia marehemu. Lakini njia ilikuwa moja, na misafara ilikuwa ya pembe na watu, na aliyebeba mbele alisikia waliofungwa nyuma. Mmoja amewekwa kitabuni kwa sababu alitembea njia ile. Mwingine, aliyetembezwa njia hiyo hiyo, anatafutiwa mtemi wa kumfunika.

Niliporudi kutoka parokiani nilimtumia Sebastiani ujumbe kwa mkono wa Devota: ukichapa mtemi, mimi, wanangu, wajukuu na vitukuu, tutoe wote humo. Akaja mwenyewe na kurasa zake, juu ya bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope.

"Dada, siku ya kuzindua kitabu watakuwepo wakwe. Watakuwepo watoto wa Dar, wanapiga picha, wanarusha mtandaoni. Unataka wajukuu zetu waitwe nini?"

"Wajukuu wa Monika."

"Unajua niliitwa nini mimi shuleni? Wewe ulikuwa msichana, ulitoka mapema. Mimi nilikaa nao mpaka darasa la nane." Sauti yake ikapanda. Mzee mwenye mvi. "Mpira ukitoka nje wanasema, nenda kauokote, kwenu ni nje. Kila siku! Nikasema nikiwa mkubwa hakuna mtoto wangu atakayeambiwa hivyo. Hilo ni kosa?"

Nilimwonea huruma. Nilimkaribisha chai, tukanywa. Chai ilipokwisha, huruma nayo ikaisha.

"Waliokuambia hivyo ndio walikuwa na kosa," nikasema. "Wewe unawalipa kwa kumfuta bibi. Futa mtemi."

Akafuta. Akaandika: alilelewa misioni. Nikamwambia yatima wa kipindupindu naye hulelewa misioni. Akafuta, akaandika: alikombolewa. "Ndivyo kitabu cha kanisa kinavyosema, Dada, sijaongeza."

"Alikombolewa kutoka wapi? Kwenye mafuriko?"

Devota alikuwa mlangoni, anajifanya anapepeta mchele. Sebastiani akaandika tena, taratibu, akanisomea: alinunuliwa na misioni kutoka kwenye msafara.

"Hilo ni la pili," nikasema. "La kwanza liko wapi?"

"La kwanza lipi?"

"Huwezi kumnunua mtoto kabla mtu hajamwiba. Andika aliibiwa. Liweke mbele."

"Watauliza aliibiwa na nani."

"Acha waulize."

"Dada. Ukurasa unaofuata ni wa mpagazi."

"Najua ulipo."

Niliona anaelewa, na niliona anatamani asingeelewa. Kisha akaandika lile neno, mwanzo kabisa wa mstari, kwa herufi kubwa kuliko alivyozoea. Akafunua ukurasa wa pili, akauangalia, akauliza bila kuinua macho, "Na hapa kwa mpagazi? Nifute hili neno hodari?"

"Liache," nikamwambia. "Kazi ile ilitaka nguvu."